Picha Haijui Kusema "Huenda"

Wapo wasomi wa historia ambao wakisikia mwanafunzi anaandika tasnifu ya uzamifu kuhusu katuni za vita, hukunja uso. Shehena ya nyaraka za kikoloni bado haijafunguliwa, wanasema, na huyu anataka kukaa miaka akitazama vibonzo? Nawaelewa. Wengi wetu hapa Mombasa tulizijua katuni kupitia Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo: unacheka, unageuza ukurasa. Vita vilivyoua watu vinastahili chombo kizito kuliko hicho.

Hata hivyo nasimama upande wa mwanafunzi, ingawa wanachokiogopa wakubwa hao kipo kweli.

Mji huu haukuwahi kuwangoja wanahistoria wauambie vita vilimfanya mtu wake kuwa nani. Mshairi Muyaka bin Haji alitunga wakati Wamazrui, watawala wa Mombasa, wakipambana na Lamu, kisha na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na beti zake hazikuwa taarifa za vita. Zilikuwa silaha mojawapo. Zilimwambia Mmvita, mtu wa Mombasa, yeye ni nani na hasimu wake ni nani. Hakuna chuo kitakachomkatalia mtu kumtafiti Muyaka eti kwa kuwa alikuwa na upande. Tunamsoma kwa sababu hiyo hasa. Katuni nazo ni vivyo hivyo. Jalada la toleo la kwanza la Captain America, katuni ya Kimarekani, la Machi 1941, linamwonyesha shujaa huyo akimtwanga Hitler ngumi, na Marekani ilikuwa haijaingia vitani. Halitufundishi lolote kuhusu uwanja wa mapigano, lakini linasema mengi kuhusu taifa lililokuwa likishawishiwa lijione mpiganaji. Mtafiti halazimiki kuiamini picha ili aichunguze.

Shida kubwa iko kwingine. Mwandishi wa historia akikosa hakika huandika "huenda" au "inasemekana", akaendelea na safari yake. Mchoraji hana neno hilo. Chukua wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walikusanya wapatao milioni moja katika mapigano ya Afrika Mashariki, na waliorekodiwa kuwa walikufa ni zaidi ya 95,000, wengi kwa maradhi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Sasa mchore mmoja wao, yuko njiani kutoka Voi kwenda Taveta. Kiunoni kajifunga nini, kikoi au kipande cha gunia? Kichwani ana sanduku la risasi au mfuko wa unga? Miguu i peku? Ni Mgiriama, Mdigo, Mtaita, Mkamba? Kila mstari wa kalamu ni jibu, hata pale ambapo hakuna anayejua jibu. Mtoto wa miaka kumi na miwili atakayesoma hataweza kutenga kilichotoka kwenye ushahidi na kilichotoka kichwani mwa mchoraji, na sura hiyo ndiyo atakayokwenda nayo maisha yote.

Suala la utambulisho linazidi kulitatiza jambo. Mwaka 1914 Wagiriama walipigana na Waingereza na Kaya Fungo, makao yao matakatifu msituni, ikalipuliwa kwa baruti. Mwaka huohuo, hapa kisiwani, afisa Mwingereza aitwaye Wavell aliunda kikosi cha Waarabu, wengi wao Wahadhrami, wakaenda kukabiliana na Wajerumani kusini mwa Pwani. Wote hao ni watu wa hapa. Hadithi inayohitaji "sisi" upande mmoja na "wao" upande wa pili itamlazimu mtu kumfuta jirani yake, na katuni, kwa upesi wake, huwa na haraka ya kufuta.

Lakini wapo wachoraji waliojua kuichora shaka yenyewe. Katika Maus, kitabu cha katuni kilichopewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992, Art Spiegelman anamuuliza baba yake, aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kuhusu bendi ya wafungwa iliyokuwa ikipiga muziki langoni. Baba hakumbuki bendi yoyote. Anakumbuka walinzi wakifoka. Mwana anamwambia jambo hilo limeandikwa na kuthibitishwa. Kisha tazama alivyochora: kwanza bendi inaonekana wazi, halafu safu ya wafungwa wanaotembea inaifunika, na juu ya vichwa vyao zinachungulia ncha za vyombo tu. Kumbukumbu na nyaraka zimebaki zikibishana kwenye ukurasa mmoja. Tasnifu inayoweza kueleza kisanduku kama hicho, yaani picha moja ya katuni ndani ya fremu yake, kinavyofanya kazi ina haki ya kusimama mbele ya watahini wowote wa historia.

Tatizo ni kwamba mbinu hiyo haihamishiki nzimanzima hadi kwetu. Spiegelman alikuwa na baba wa kubishana naye na kinasa sauti mezani. Mpagazi wa 1916 hakurekodiwa na mwanawe. Ndiyo maana mwanafunzi wa Pwani ningemtaka asiishie kuchambua katuni za Ulaya na Marekani. Achukue michoro ya rasimu, aende nayo Kaloleni na Kwale, aiweke mbele ya wazee waliosikia habari hizi kwa babu zao. Ukimuuliza mzee nguo ilikuwaje, atakujibu kwa ufupi. Ukimwonyesha nguo iliyochorwa vibaya atakukosoa kwa saa nzima, na mwenzake atamkosoa yeye. Makosa hayo na mabishano hayo yasifutwe. Mchoro wa kwanza, masahihisho, na mahali wazee walipokataa kukubaliana, vyote vichapishwe kwenye tasnifu, kisanduku kando ya kisanduku.