Skana safi haimaanishi mtu haumwi

Wiki iliyopita karatasi ya skana ya kichwa ya wifi yangu, anayeumwa kipandauso (maumivu makali ya kichwa yanayokuja kwa mashambulio), ilisomwa sebuleni, mbele ya ukoo na majirani waliokuja kuomba maji. "Kawaida." Mama mkubwa akamaliza maneno: "Mama, hauna kitu. Kazi tu ndiyo hautaki." Wifi akakunja karatasi, akaenda kuanika nguo.

Imeniuma sana. Skana ile inapiga picha ya umbo la ubongo: inatafuta uvimbe, damu iliyovuja, mfupa uliovunjika. Kwa mwenye kipandauso kwa kawaida inatoka safi, na daktari aliyeiomba alitaka kujihakikishia hivyo. Kumbe karatasi ya kumtuliza mgonjwa imegeuzwa ya kumshitaki.

PET ni mashine nyingine, inayoonyesha ubongo unavyofanya kazi, si umbo lake tu. Mtu anadungwa dawa yenye mionzi kidogo, iliyotengenezwa ili ijishike kwenye vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo zinapashana nayo habari. Mashine inapima imejishika wapi na kwa wingi gani. Mwaka 2018, huko Copenhagen, Denmark, mtafiti Marie Deen na wenzake walitangaza walichokiona kwenye kipokezi kinachoitwa 5-HT4 kwa wenye kipandauso, siku ambazo hawaumwi. Dawa ilijishika kidogo kuliko kwa watu wasio na ugonjwa. Kipokezi hicho hupungua serotonini ikiwa nyingi kwa muda mrefu, kwa hiyo watafiti wakaona kwamba kati ya shambulio na shambulio serotonini ya wagonjwa hao iko juu. Wataalamu wengi walikuwa wameamini kinyume kwa miaka mingi.

Siku ambazo hawaumwi, jamani! Siku mtu anacheka, anatwanga sombe, anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake wa Kadutu. Wanaosema "mbona jana kwenye harusi alikuwa anacheza?" wajibiwe hapo hapo. Ugonjwa hauondoki maumivu yakiondoka. Na mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani walikuwa wameshaona kwa PET shina la ubongo, sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, likifanya kazi kupita kiasi wakati wa shambulio, likaendelea hivyo hata sumatriptani, dawa ya kipandauso, ilipokwisha kutuliza kichwa.

Haya, nakubali: waliopimwa ni wachache, na hakuna daktari anayetumia PET kumwambia mtu mmoja kwamba ana kipandauso. Kaboni-11, ile yenye mionzi ndani ya dawa iliyotumika Copenhagen, inapungua nusu kila baada ya dakika 20 hivi, lazima itengenezwe karibu na mashine yenyewe. Bukavu siitegemei leo wala kesho.

Lakini hatuihitaji. Kipandauso kinatambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa: upande mmoja unaogonga, kichefuchefu, mwanga unaochoma macho, jenereta ya jirani inayonguruma kama iko ndani ya fuvu. Wifi aliyaeleza yote, akaonekana anatafuta ruhusa ya kulala. Wanawake wanaumwa ugonjwa huu mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na sidhani ni bahati mbaya kwamba ndio wasioaminiwa.

Waganga wetu, nawaomba. Mkiandika "kawaida", ongezeni mstari: hakuna uvimbe, hakuna damu, mgonjwa ana kipandauso, maumivu ni ya kweli, dawa ni hii. Andikeni kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, maana karatasi hiyo haitasomwa na mgonjwa peke yake.