“Njooni Wote Upande Huu!”

Picha ni ileile kila mara. Boti nyeupe ya kifahari, maghorofa ya mji kwa nyuma, jua linazama, na sitaha ya juu watu wamebanana kama njiti kwenye kiberiti. Chini, kwenye saluni, yaani sebule ya boti, yenye makochi ya ngozi ambayo wameyalipia, hakuna hata mtu mmoja. Na kama ni video, sauti ya mpigapicha inasikika vizuri kabisa: “Njooni wote upande huu, mji uonekane!”

Nao wanakwenda. Wote. Hapo ndipo ninapochemka.

Wanaokodi yoti kwa saa 3 za kuzunguka pwani ya mji huuliza mambo mengi ya maana kwao: spika zina nguvu kiasi gani, barafu ipo, droni inaruhusiwa, mito ya sitahani ni rangi gani. Swali la “inabeba wangapi?” nalo linaulizwa, ila kwa ajili ya kugawana bei. Wakala anataja namba moja, mfano 20, na kila mtu anaridhika kana kwamba ameulizia viti vya ukumbi. Ukumbi haulali upande watu wakihamia dirishani. Boti inalala.

Tupige hesabu, si ngumu. Chukua yoti ya injini yenye uzito wa tani 20 pamoja na watu wake. Watu 20 wa kilo 75 kila mmoja ni tani 1 na nusu. Wakipanda wote kutoka sitaha kuu kwenda ya juu, tuseme mita 2 na nusu, kitovu cha uzito cha chombo kizima kinapanda karibu sentimita 19. Akiba ya uimara ya boti hiyo, yaani umbali ambao kitovu hicho kinaweza kupanda kabla boti haijashindwa kusimama wima, tuifanye mita 1. Sasa imebaki sentimita 81. Halafu mpigapicha anaita. Watu wanasogea mita 2 kuelekea ukingo mmoja, kitovu cha uzito kinahama sentimita 15 kwa ubavu, na boti inainama nyuzi 10 na nusu. Wangefanya hivyohivyo wakiwa sitaha ya chini, ingeinama nyuzi 8 na nusu.

Nyuzi 10 hazipindui boti nzima, nakubali. Zinachofanya ni kutelezesha glasi, kisha viti vya plastiki, kisha watu wenye viatu vya soli laini kwenye sitaha iliyomwagikiwa soda. Kila anayeteleza anakwenda upande uleule ulioinama, kwa hiyo uzito unajiongeza wenyewe. Na pwani ya mji haina maji matulivu: feri inapita, boti ya doria inapita, na wimbi lao linafika dakika moja au mbili baadaye, wakati hakuna anayeangalia. Likiingia upande wa pili na kuinua chombo ambacho tayari kimelala, hesabu ile niliyoifanya juu haitumiki tena.

Kuna watakaosema haya ni ya kwenye vitabu. Mwaka 2005, Oktoba 2, boti ya matembezi iitwayo Ethan Allen ilipinduka katika ziwa George, jimbo la New York, ikiwa na abiria 47, wengi wao wazee. 20 walikufa. Hakukuwa na dhoruba. Cheti chake kiliruhusu abiria 48. Wachunguzi walipopiga hesabu upya waligundua kwamba, kwa hali iliyokuwa nayo, ilistahili kubeba watu 14 tu. Ilikuwaje? Paa la turubai lilikuwa limeondolewa likawekwa la mbao, uzito ukapanda juu. Na hesabu ya cheti ilichukulia kila mtu ana kilo 63 na nusu, ilhali wastani wa waliokuwemo ulikuwa karibu kilo 81. Baadaye Wamarekani walibadilisha kanuni, na tangu Desemba 2011 mtu mmoja anahesabiwa kuwa na kilo 84 hivi. Sasa jiulize cheti cha boti unayoikodi kilipigiwa hesabu ya kilo ngapi, na nani ameongeza nini juu yake tangu siku hiyo.

Na kama mtu anadhani hatari iko katikati ya maji tu, basi amkumbuke Eastland. Julai 24, 1915, Chicago, meli ya matembezi ilipinduka ikiwa bado imefungwa gatini, ndani ya mto wenye kina cha mita 6 hivi. Watu 844 walikufa hatua chache kutoka nchi kavu. Wiki chache kabla yake ilikuwa imeongezewa mashua za kuokolea juu ya sitaha, sheria ikifuata somo la Titanic. Vifaa vya uokoaji ndivyo vilivyoongeza uzito mahali pabaya. Kwa hiyo mwenye yoti anapokutangazia kwa fahari kwamba ameweka beseni la maji moto sitaha ya juu, fahamu kwamba mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima, tena tani inayochezacheza.

Basi ufanye nini? Kwanza, usiulize wakala. Panda chomboni, muulize nahodha kibao kiko wapi. Boti zilizojengwa kwa kanuni za Ulaya zina kibao karibu na usukani chenye herufi A, B, C au D na idadi ya watu. C ni kwa upepo usiozidi nguvu 6 ya kipimo cha Beaufort na mawimbi ya kama mita 2. D ni ya maji yaliyojificha, mawimbi ya sentimita 30 tu. Boti nyingine zina mistari miwili: B watu 12, C watu 16. Wakala atakutajia 16 siku zote. Baada ya kibao, soma leseni ya biashara, kisha bima. Namba hizo tatu mara nyingi hazifanani, na inayokuhusu ni ndogo kuliko zote. Kwenye kibao mabaharia nao wanahesabiwa, watoto pia. Ukishangaa kwa nini yoti kubwa ya mita 30 inakataa abiria wa 13, sababu ni kwamba kwa SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, chombo kikizidi abiria 12 kinakuwa meli ya abiria, na masharti yake ni mlima mwingine kabisa.

Pili, muulize idadi ya sitaha ya juu peke yake. Ni namba tofauti. Nahodha anayeijua bila kufikiri ni nahodha. Anayecheka na kusema “hapa mnatosha tu” ni dereva.

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza kwa urahisi wake: picha haihitaji watu wahame. Boti ina usukani! Mwambie nahodha apunguze mwendo hadi noti 3 au 4 (noti 1 ni maili moja ya baharini kwa saa), aelekeze omo, yaani mbele ya boti, baharini, na tezi, yaani nyuma yake, kwenye mji. Watu wanakaa sitaha ya nyuma, chini, pana, kati ya ubavu na ubavu, na mji wote uko mgongoni mwao. Inachukua dakika 2. Anayetaka picha ya juu apande na wenzake wanne, washuke, wapande wengine.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba sitaha ya juu ndiyo yenye upepo na ndiyo inayoonekana mbali, na kwamba watu hawakodi yoti ili wakae sebuleni. Nakubali pia kwamba bila kujaza watu, wengi hawangeimudu bei. Basi kodi boti ya sitaha moja iliyo pana. Haina sifa mtandaoni, lakini inabeba.

Nikiwa bado na hasira, moshi. Ngazi ya kuogelea iliyoko nyuma, ile ambayo kila mtu anapenda kukalia miguu ikiwa majini, mara nyingi iko karibu na tundu la moshi wa injini au wa jenereta. Boti ikitia nanga, injini kuu inazimwa lakini jenereta inaendelea kwa ajili ya kiyoyozi na muziki. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na kila mtu sitahani atasema “ni bahari hiyo, atazoea.” Kipimo rahisi: anayeumwa na bahari kwa kawaida hupata nafuu boti inapotulia, aliyevuta gesi hii anazidi kuugua. Mhamishe kwenye hewa safi upande upepo unakotoka, zima jenereta, na rudini mtafute daktari. Hata mkitembea polepole upepo ukitoka nyuma, nafasi tupu iliyo nyuma ya saluni huvuta moshi na kuurudisha ndani. Kufungua madirisha ya mbele ili hewa ipite moja kwa moja husaidia. Ulizia kengele ya gesi hiyo ndani ya saluni, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio. Kama haikulia, si kengele.

Kuogelea: injini izimwe, siyo kuwekwa tu bila gia, kwa sababu kiwiko cha mtoto kinaweza kugusa mtaimbo wa gia. Kabla mtu hajaruka, tupa kitu kinachoelea utazame kinakwenda wapi. Mkondo wa noti 1, ambao kwa macho hauonekani kitu, unakubeba mita 31 kwa dakika. Kamba ndefu yenye boya ifungwe nyuma, na baharia mmoja abaki kuangalia maji, siyo simu. Mnyororo wa nanga nao una hesabu yake: kina cha maji jumlisha urefu wa omo kutoka majini, zidisha kwa 5. Kina mita 6, omo mita 1 na nusu, toa mita 37 au 38. Nahodha anayeshusha mita 15 kwa sababu “tunakaa kidogo tu” mtamkuta anakokotwa na upepo huku nusu yenu mko majini.

Jaketi okozi ziwe zimeshikwa na kupimwa kabla ya kung'oa nanga, saizi za watoto zikiwemo. Yenye alama ya 50 ni ya mwogeleaji aliye karibu na msaada, ya 150 ndiyo imetengenezwa kumgeuza aliyezimia uso ukae juu.

Pombe? Nahodha asinywe. Wengine mna akili zenu.

Kuhusu muda wa kutoka, watu huangalia saa ya jua kuzama na kuishia hapo. Angalieni upepo. Siku ya jua kali nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake inapanda, na ya baharini inakuja kujaza nafasi. Mara nyingi inakuwa kali zaidi kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, kisha inalegea jua likishuka. Ukiona povu jeupe juu ya mawimbi mengi, upepo umeshafika kama noti 11 hadi 16, na wageni wasiozoea wataanza kunyamaza mmoja mmoja. Na msimng'ang'anize nahodha asogee ukutani. Ufukwe wa mchanga huua wimbi. Ukuta wa zege wa mji hulirudisha, likakutana na linalokuja, na maji yakaruka juu na chini bila mpangilio. Wanaopita mita 50 kutoka ukutani wanatapika, wanaopita mita 400 wanakunywa soda zao. Mji wenyewe unaonekana vizuri zaidi kutoka mbali, ghorofa refu halitoshi kwenye kioo cha simu ukiwa chini yake.

Linabaki giza. Safari ya machweo ina nusu ya pili ambayo haimo kwenye tangazo: kurudi usiku mkielekea mji unaowaka. Taa ya boya inayomweka inapotea mbele ya taa za hoteli. Taa nyekundu na ya kijani za boti inayokuja zinajichanganya na za makutano ya barabara. Jicho linahitaji kama nusu saa kuzoea giza, na simu moja iliyowashwa usoni kwa nahodha inaifuta nusu saa hiyo yote. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za 1972 zinataka taa za safari ziwake kutoka machweo hadi macheo, na zinakataza taa nyingine yoyote inayoweza kudhaniwa ni hizo. Nyekundu maana yake upande wa kushoto wa chombo, kijani kulia. Halafu mtu anazungushia yoti nzima mkanda wa taa zinazobadilika rangi, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, kwa mdundo wa muziki, na kuipeleka kwenye njia ya feri. Nahodha wa feri aelewe nini? Kwamba mnakuja, mnaondoka, au mnakatiza mbele yake kila sekunde 2?

Zikiwa nyeupe, hafifu, na zimeelekezwa chini sitahani, keki ya sherehe yenu itaonekana na feri itawaona. Swichi yake huwa karibu na usukani. Mwombeni nahodha aizime kabla hamjafika mlango wa bandari.