Birika Jekundu

Kuna wanaoogopa mbwa, kuna wanaoogopa wakwe. Mimi naogopa birika. Silo la kahawa. Ni lile dogo jekundu kwenye dishibodi, mdomoni linadondosha tone moja, taa ya kuonya kwamba presha ya oili imeshuka. Nikisimama taa za Chang'ombe saa moja na nusu asubuhi, injini imeshachemka tangu Gongo la Mboto, silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikishuka tu, birika linaanza kunikonyeza.

Dawa yangu ilikuwa resi. Kidogo tu, vuu, linazima. Naachia, linawaka. Vuu, linazima. Siku moja bodaboda aliyesimama ubavuni akadhani namchokoza, naye akapiga resi. Taa ilipogeuka kijani akachomoka kama mshale, mimi nikaondoka na mwendo wa mkokoteni wa maji. Abiria wake aligeuka kunitazama hadi walipopotea mbele.

Nikaenda kwa fundi wangu wa chini ya mwarobaini, yuleyule aliyeniziba sampu, lile karai la oili chini ya injini, mwezi wa tatu ilipokuwa inavuja. Boneti hakuifungua. Alinisikiliza huku anatafuna muwa, akatema makapi, akatoa hukumu: "Bosi, oili yako nyepesi. Weka namba arobaini tupu. Achana na hizi zenye W."

"W ndiyo nini?"

"Wazungu, bosi. Zimetengenezwa kwa ajili ya kwao."

Nilicheka, lakini baadaye nikajua hakuwa mbali sana na ukweli. W ni herufi ya neno la Kizungu la majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake inaeleza oili itakavyokuwa injini ikiwashwa kwenye baridi. Inayofuata inaeleza uzito wake ikishapata moto, nyuzi 100. Sasa mimi na baridi wapi na wapi? Dar ikifika nyuzi 19 mwezi wa saba, watu wanavaa masweta na wengine wanaomba ruhusa kazini.

Basi nikamwaga, nikaweka arobaini tupu. Sh 55,000. Birika likatulia foleni nzima ya Vingunguti. Nikapiga simu nyumbani kutangaza ushindi.

Jumapili akaja shemeji. Shemeji yangu hana gari, ila ana elimu ya magari ya watu. Akafungua boneti, akakuta kile kikaratasi cha Kijapani kilichobandikwa tangu 1998, akaanza kukisoma kwa sauti kama anakielewa. Kati ya michoro yote ile tuliweza kusoma 5W-30 peke yake. "Shem," akaniambia, "Mjapani aliyeunda injini anasema thelathini, wewe unamsikiliza mla muwa?" Nikaona aibu. Jumatatu nikamwaga tena, nikanunua thelathini, ile ya bei ambayo muuzaji anakutajia huku anatazama pembeni. Jumanne, Chang'ombe, birika hilo. Safari hii halikukonyeza, lilikodoa.

Nikaishia Gerezani kwenye duka la spea. Kijana wa kaunta hakuniuliza gari gani, wala kilomita ngapi. "Anko, hiyo presha. Weka 20W-50, halafu changanya na hii." Akanipa kopo la dawa, nzito kama asali ya Tabora, ukiinamisha kopo unaweza kwenda kununua vocha ukarudi haijaanza kutoka. Nikanunua vyote viwili. Aibu yangu mimi ni kwamba duka likishakuwa na feni nawaamini wenyewe.

Mke wangu alikuwa mlangoni ananitazama nikimimina. "Baba Zuhura, hiyo ni oili au uji wa mwali?"

"Ni presha, mama. Wewe huelewi."

Kesho yake alfajiri nikawasha gari, birika likawaka likabaki limewaka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, hadi saba. Tepeti za juu ya injini zinagonga kama mtu anakatakata kisamvu. Halafu likazima. Foleni nzima kimya. Lakini barabara ilipofunguka, nilipokanyaga mafuta kumpita mwenye trekta, birika likawaka nikiwa kwenye mwendo! Hapo awali lilikuwa na adabu ya kusubiri nisimame.

Nikapelekwa Ilala kwa mzee mmoja, miwani yake imefungwa kwa waya. Yeye hakutaja namba yoyote. Alifungua swichi ya oili kwenye injini, akafunga geji mahali pake, akaniambia, "Washa." Jamani! Miezi miwili watu wananipimia presha kwa mdomo, kumbe kuna chombo.

Mshale ukalala kwanza, kisha ukajikongoja kupanda. Tukaisubiri ichemke. Silensa, PSI 6, hicho ndicho kipimo cha presha. "Sasa kanyaga taratibu." Ukapanda hadi 18, nikakanyaga zaidi, ukaanza kurudi nyuma. Mzee akaguna. Akanieleza kwamba mafundi wa zamani wanakadiria PSI 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Kwenye 3,000 alitaka kuona kama 30, na zaidi ya yote alitaka kuona mshale unapanda, haurudi.

"Mwanangu, umewahi kunywa uji mzito kwa mrija wa soda?"

"Hapana."

"Gari lako linakunywa kila asubuhi."

Akaingia uvunguni, akashusha sampu. Ndani kuna chujio, kijungu cha waya kinachonyonya oili kuipeleka kwenye pampu. Alinitolea nje nikione. Nusu yake ilikuwa imezibwa na nyuzinyuzi nyekundu, laini, ukivuta zinarefuka. Nikafikiri ni kiumbe. Mzee akachomoa moja kwa koleo, akaining'iniza mbele ya miwani.

"Nani alikuziba sampu?"

Nikamkumbuka mla muwa. Siku ile alikamua tyubu nzima ya siliconi kama anapaka keki ya harusi. Iliyobaki nje aliifuta kwa kidole, iliyobanwa ikaingia ndani hakuna aliyeiona. Kisha akaniambia tatizo ni oili nyepesi. Mtu kakuziba koo halafu anakushauri utafune vizuri.

Mzee hakuniacha nimlaumu mmoja. Alisema beringi nazo zimelika, kilomita 243,000 si mchezo, na nafasi ikishapanuka oili inakimbia bila kuzuiwa, kama mpira wa maji ukiondoa kidole mdomoni. Ndiyo maana ile nzito ilizima birika kwenye foleni: haikimbii upesi. Lakini nzito hiyohiyo alfajiri inachelewa kufika juu kwenye tepeti, na kwa chujio lililoziba ndiyo kabisa, pampu inabaki inanyonya hewa. Akaosha chujio, akafunga sampu kwa siliconi nyembamba kama uzi, akaweka 10W-40. Moto, silensa: PSI 12. Kwenye 3,000: 38.

"Kama ungekuwa na injini mpya ningekupa thelathini," akasema. "Umri wake huu, arobaini. Ukiniletea hamsini nakufukuza."

Sasa napita Chang'ombe bila resi. Bado nalitazama lile pengo jeusi kwenye dishibodi, mguu unatetemeka wenyewe.

Kilichobaki ni magaloni matatu nusunusu uvunguni mwa kitanda, na kopo la dawa ambalo duka limekataa kurudishiwa. Shemeji amesema oili haitupwi. Nimepaka bawaba za geti, za choo, za jikoni, za vyumba vyote. Hakuna mlango unaolia nyumbani kwangu. Zuhura ana miaka kumi na tisa. Jana nimeamka saa nane usiku kunywa maji, nikamkuta jikoni na viatu vyake mkononi, amevalia kabisa, na sijui kama alikuwa anatoka au anaingia.