Nilienda kuulizia tumbo, nikarudishwa shingoni

Mdogo wangu ana kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, mwezi wa kumi na mbili na mimi ndiye dada mkubwa, kwa hiyo gomesi lazima, lile gauni refu la Kiganda lenye mkanda, tena ya heshima. Nikaenda Kiyembe kwa fundi kupimwa. Jamaa akazungusha tepu kiunoni, akaangalia namba, akazungusha tena kama mtu anayedhani tepu ndiyo yenye makosa. Hakusema neno, mafundi wa pale biashara imewafundisha adabu. Lakini ile namba niliiona kwa macho yangu, na usiku huo sikulala, niko na simu tu natafuta watu wanaonyonya mafuta Kampala.

Na usiniambie gomesi inaficha. Ule mkanda unafungwa chini ya tumbo, mwenye tumbo dogo unamremba, mwenye tumbo kama langu unalibeba kama mtoto wa mgongoni, ila huyu yuko mbele.

Nina miaka 42, watoto 3, wawili walitolewa kwa kisu, nauza mitumba soko la Owino. Na nina tezi ya shingo ambayo ni mvivu, ile wanaita thairoidi, mwaka wa 3 huu nakunywa kidonge kila siku. Ilivyoanza watu walifurahi kweli, nanenepa wanasema eh, pesa imeingia, baba Shamim anakutunza. Mimi huku nasinzia juu ya robota saa tano asubuhi, kwenye taksi nimevaa sweta jua likiwa kali, nywele zinabaki kwenye kitana, na choo ni mpaka niombe dua. Mwaka ule nilimeza dawa za malaria mara mbili na malaria yenyewe haikuwepo. Siku moja nesi mmoja, Mnubi wa Bombo, tulikuwa tunapiga Kiswahili chetu kwenye foleni ya zahanati, akaniangalia usoni akasema mama, hebu nenda kapime thairoidi. TSH, kile kipimo cha damu cha tezi, ikatoka 41. Ya kawaida ni kama 0.4 mpaka 4 hivi.

Hiyo TSH watu inawachanganya kwa sababu inaenda kinyume, ikipanda ndiyo tezi iko chini. Mimi naielewa kwa konda wa Old Taxi Park. Gari ikijaa konda anatulia, gari ikiwa tupu anapiga makelele mpaka sauti inakauka. TSH ni konda huyo, anakaa kwenye ubongo, anaipigia tezi kelele ilete homoni. 41 maana yake konda amepiga kelele siku nzima na hakuna abiria hata mmoja. Na hii yangu siyo rovu ile ya mabibi wa milimani zamani kabla chumvi haijawekwa madini joto, shingo yangu iko sawa ukiiangalia. Ni kinga ya mwili wenyewe inaishambulia tezi, wanaiita Hashimoto, kwa jina la daktari Mjapani aliyeieleza mwaka 1912.

Sasa turudi kwa mafuta. Nikaenda mahali, sitapataja, pako safi kuliko nyumba yangu, kiyoyozi kinapuliza, binti ana tableti ananionyesha picha, huyu kabla, huyu baada. Akanibana tumbo kwa vidole viwili akasema mama hapa tunanyonya, hapa tunakata ngozi, hapa tunakaza msuli, kwa pamoja ni pesa ya boda mpya mbili, ila ukilipa kabla mwezi haujaisha kuna punguzo. Punguzo! Kama mimi navyouza jinzi za mwisho wa robota. Tulikaa kama nusu saa na hakuna aliyeniuliza nakunywa dawa gani. Mimi ndiye niliyesema nina thairoidi. Akacheka vizuri tu, akasema hiyo haina shida mama, utalala, utaamka una kiuno.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka nikatoka. Hapana. Niliomba namba ya akaunti.

Kilichoniokoa ni kwamba vidonge vilikuwa vimeisha na ilibidi nipite kwa daktari wangu, nikamdokezea kama utani hivi. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, mama Shamim, hiyo tezi yako nani ameiuliza?

Alichonieleza nitakisema kwa maneno yangu. Mtu ambaye homoni hiyo iko chini na haijatibiwa vizuri, moyo wake unaenda polepole, mwili wake pia unachelewa kuzitoa dawa. Ukimpa ya usingizi na za maumivu zinakaa ndani muda mrefu, presha inaweza kushuka, kupumua kunakuwa kuzito, anachelewa kuamka. Vidonda navyo vinachelewa kupona, na operesheni ya tumbo inaacha kidonda kirefu kutoka nyonga hii mpaka ile. Iko na hali mbaya kabisa ya kuzama kwenye koma, ni nadra, ila operesheni ni moja ya vitu vinavyoweza kuiamsha kwa mtu ambaye tezi yake imeachwa tu. Na wale ambao yao imechachamaa, homoni imezidi, moyo unakimbia na mikono inatetemeka, kwao ndiyo hatari zaidi, kisu kinaweza kuwasha kile madaktari wanaita dhoruba ya thairoidi, joto linapanda, moyo unapoteza mdundo. Halafu kuna jambo ambalo sikuwa nalijua hata kidogo, yale maji wanayokujaza chini ya ngozi kabla ya kunyonya mafuta yana dawa ya ganzi na adrenalini ya kubana mishipa damu isitoke nyingi. Adrenalini! Kwa mtu ambaye moyo wake tayari unakimbia mbio.

Lakini pia, na hili nalirudia kwa sababu kuna dada zangu wakisikia hivi wanadhani mwenye thairoidi haruhusiwi kuguswa, hakusema nisifanye. Alisema ugonjwa ukiwa umedhibitiwa, namba ziko sawa na zimetulia, unaenda meza ya operesheni kama watu wengine tu. Kosa ni kwenda bila kujua namba yako. Na ukibadilishiwa dozi lazima usubiri wiki 6 mpaka 8 ndiyo upime tena, kabla ya hapo kipimo hakijakuambia kitu.

Akanipima. 11.

Nikakasirika maana kidonge nakunywa, sirukii siku. Akaniuliza nakunywaje. Na chai. Chai gani? Ya maziwa. Na nini tena? Na vile vidonge vya damu, vya madini ya chuma, kwa sababu hedhi yangu ni nzito. Jamaa akashika kichwa. Kumbe hicho kidonge kinatakiwa tumbo tupu, na maji matupu, unakaa nusu saa au saa nzima ndiyo unywe chai, na vidonge vya chuma au vya kalsiamu viachane nacho masaa 4. Miaka 3 nimekuwa nikinunua dawa naimwaga kwenye maziwa. Halafu akauliza kama natumia vile vya nywele na kucha, bayotini, hiyo sikuwa natumia bado ila jirani yangu wa duka anaviuza, eti bayotini nyingi inaweza kudanganya mashine ya maabara ikaonyesha tezi imezidi wakati haijazidi, inabidi uache siku kama mbili kabla ya kupima. Fikiria unapunguziwa dozi kwa sababu ya dawa ya kucha.

Kitu kingine kiliniuma zaidi. Nilimwambia daktari, lakini si hili tumbo lote ni thairoidi? Nilitaka tezi ibebe kesi yote. Akasema tezi mvivu kwa kawaida inaongeza kilo 2 mpaka 5 hivi, na sehemu kubwa ni chumvi na maji, siyo mafuta. Mimi nimeongeza 14. Hizo nyingine nikazipigia hesabu mwenyewe kwenye boda nikirudi: rolex ya saa nne, ile chapati ya kukunjia mayai, kukaa kwenye stuli kutwa, soda za wateja. Na watoto 3, maana pale katikati ya tumbo misuli yangu iliachana tangu mimba ya mwisho na haijarudi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni upi? Wale wa kusema mshukuru Mungu alivyokuumba siko nao. Mungu hakuniumba hivi, nilikuwa na tumbo lingine, na ngozi iliyovutika namna hii hata ukimbie mlima Kololo kila asubuhi haipandi. Mwanamke akitaka kukatwa ngozi yake kwa pesa yake aliyoitoa jasho, akatwe. Ila wale wanaouza mwili kama kava la simu nao siko nao. Kunyonya mafuta siyo dawa ya uzito, wananyonya yale ya chini ya ngozi tu, yaliyozunguka matumbo ndani hayaguswi, na zaidi ya lita 5 kwa mara moja inahesabiwa kuwa kubwa, inahitaji uangalizi wa hospitali. Kuhamishia mafuta makalioni ndiyo sitaki hata kusikia, uchunguzi wa madaktari wa upasuaji uliotoka 2017 ulikadiria kifo 1 kwa kila operesheni kama 3,000, mafuta yanaingia kwenye mshipa mkubwa yanaenda kwenye mapafu. Na kuna wanaomeza vidonge vya thairoidi wakati tezi yao ni nzima, eti wapungue. Hao wanacheza na moyo wao, tena dukani wanapewa bila kuulizwa.

Mimi mahali pakinipa bei kabla ya kuniuliza damu yangu, nishajua wao wanauza nini. Hata fundi wa Kiyembe anapima kwanza ndiyo anataja bei. Siku nikirudi, na nasema nikirudi, nitauliza nani ananilaza usingizi, atakaa hapo mpaka niamke au anaenda kulaza mwingine, mkiona mambo yameharibika gari inanipeleka wapi. Jina la daktari nitaliangalia kama limesajiliwa na baraza la madaktari, lile la UMDPC, siyo kuangalia wafuasi wake wa TikTok. Na sikio langu la kushoto nitawaonyesha, nilitobolewa nikiwa na miaka 9 likaota keloidi, kovu la kuvimba, kama njugu, sasa mtu mwenye ngozi ya hivyo anaachiwa kovu la nyonga hadi nyonga bila mazungumzo?

Halafu ile habari ya kupona hakuna anayeiweka kwenye picha. Baada ya kukazwa tumbo ni wiki kama 6 bila kubeba kitu kizito, na nguo ya kubana mchana na usiku wiki kadhaa, na mirija ya kutoa maji mwanzoni. Wiki 6! Robota nani ataliteremsha? Jerikeni? Nilimuuliza baba Shamim akasema atabeba yeye, nikamwangalia, akasema basi tutalipa kijana.

Kwa hiyo kwanjula naenda na tumbo langu. Fundi nimemwambia mkanda aukate mrefu. Tezi nimeanza nayo upya, kipimo kingine ni baada ya wiki 7, na namba ikitulia nitapima tena kabla sijamrudia mtu yeyote mwenye tableti. Alamu inalia saa kumi na moja alfajiri, nameza kidonge kwa maji, narudi kulala, chai ni saa kumi na mbili. Baba watoto analalamika, anasema bora ile operesheni, angalau ingemuamsha mara moja tu.