Injini Isiposhika, Usikimbilie Kuifuta Programu

Miongoni mwa vijana wa Lamu wanaorusha ndege kwenye kompyuta nyumbani, ipo tabia moja inayonikera: injini ya Cessna 172, ndege ndogo ya propela moja, ikikataa kushika, lawama zote hutupiwa programu. Mtu huifuta simuleta nzima, yaani programu ya kuigiza urushaji wa ndege iitwayo Microsoft Flight Simulator, ambayo faili za toleo lake la 2020 hupita gigabaiti 100, kisha hukesha akiipakua upya kwa bando ghali, na akimaliza huikuta injini ikigoma vile vile. Fundi wa mashine za boti hafanyi hivyo. Mashine ikimgomea, huubinya kwanza mpira wa mafuta ausikie kama umejaa, kisha hufungua plagi aone kama imelowa au imekauka, na hapo tayari anajua aelekee wapi.

Injini ya pistoni kwenye simuleta inataka ukaguzi wa namna hiyo hiyo, kwa sababu walioitengeneza wameyaiga mahitaji ya injini ya kweli: umeme wa kuizungusha, mafuta, hewa na cheche. Limeongezeka jambo moja tu ambalo rubani wa kweli halimsumbui, nalo ni wenzo wa kifaa kilichounganishwa na kompyuta, ulio mezani, kutolingana na wenzo unaoonekana kwenye skrini.

Watu wa huku tuna sababu ya ziada ya kukwama. Ndege nyingi tunazoziona zikitua Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, ni za injini ya tabaini isiyo na pistoni, na kijana akinunua kompyuta huanza na Cessna Caravan aliyoizoea kwa macho. Injini ya Caravan haina magneto, yaani kifaa cha kutoa cheche, wala haina wenzo wa kupimia mchanganyiko wa petroli na hewa. Akihamia Cessna 172, ambayo kwa umbo ni ndogo na kwa sura ni rahisi, hushangaa kuona ndogo inadai adabu zaidi kuliko kubwa.

Swali la kwanza ni moja: je, propela inazunguka? Isipozunguka kabisa, achana na habari za mafuta, tazama swichi kuu ya betri. Ikizunguka bila kushika, umeme upo, na kilichobaki ni mafuta au cheche. Cheche hutoka kwenye magneto mbili ambazo haziitegemei betri, kwa hiyo taa na skrini za ndege kuwaka si ushahidi kwamba magneto ziko tayari. Ufunguo ukishaachiwa baada ya kuwasha unapaswa kurudi mahali pa magneto zote mbili. Mtu anayeuzungusha kwa kipanya huweza kuupitisha mpaka ukabaki kwenye kuzima, injini ikakohoa na kunyamaza.

Kwenye mafuta ndiko kuna mengi. Cessna 172S, ambayo injini yake ni Lycoming IO-360 yenye mfumo wa kunyunyizia mafuta badala ya kabureta, huwashwa huku kishikio chekundu cha mchanganyiko kikiwa kimevutwa nje, yaani mafuta yakiwa yamefungwa, jambo ambalo aliyezoea matoleo ya zamani ya kabureta huliona kichekesho. Kwanza hakikisha swichi ya matangi imeelekezwa kwenye matangi yote mawili. Kisukume kidogo kishikio cheusi cha nguvu, washa pampu ya umeme, sukuma kishikio chekundu ndani mpaka kipimo cha mtiririko wa mafuta kionyeshe kwamba mafuta yanapita, kama sekunde 3 hadi 5, kisha kivute tena nje. Sasa zungusha stata, na injini inaposhika ndipo ukisukume chekundu ndani taratibu. Ukipitiliza katika kutanguliza mafuta, injini hulowa. Ndege za kawaida za simuleta huenda zikakusamehe, lakini za A2A Simulations, kampuni inayotengeneza ndege za nyongeza, hazisamehe. Dawa ya injini iliyolowa ni kuvuta chekundu nje kabisa, kufungua cheusi chote ili hewa iingie kwa wingi, kuzungusha stata, na inaposhika kurudisha cheusi nyuma huku ukisukuma chekundu mbele.

Hewa nayo hubadilika kwa mahali. Manda iko karibu sawa na usawa wa bahari, ambako kishikio chekundu kikisukumwa chote hakuna tatizo. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko juu kwa zaidi ya futi 5,500, na huko mafuta yale yale huwa mengi mno kwa hewa iliyopungua, injini ikatetemeka na kukosa nguvu.

Sasa nirudi mezani, maana huku ndiko wengi hunaswa. Mpwa wangu aliniita, "Ami, njoo uone, mafuta yamo na haishiki." Wenzo wake wa mchanganyiko alikuwa ameusukuma mpaka mwisho, lakini kishikio chekundu kwenye skrini kilikuwa kimetoka nje chote: programu ilikuwa ikiusoma kinyume. Dawa yake ni kugeuza mwelekeo wa wenzo kwenye mipangilio, kazi ya dakika chache. Kwa hiyo sogeza kila wenzo polepole huku ukikitazama kishikio cha skrini. Kikicheza bila kuguswa, wenzo umechakaa au umeingia vumbi, na hewa yetu ya chumvi haisaidii. Au vifaa viwili vinaamrisha kishikio kimoja, kwa kuwa programu hukipa kila kifaa kipya kazi zake bila kukuuliza.

Wapo wanaodharau vibonye vya Ctrl na E vinavyowasha injini kwa kujiendesha, wakiona ni uvivu. Mimi naviona ni kipimo kizuri. Injini ikishika kwavyo, ndege ni nzima na kosa liko kwenye hatua zako. Ikishika kisha ikafa mara tu wenzo unapotikisika, kosa liko mezani. Isiposhika kabisa, jaribu ndege nyingine iliyokuja na programu yenyewe. Hata hiyo ikigoma, toa nyongeza zote ulizoziweka kwenye folda ya Community, hasa kama programu imesasishwa karibuni, kisha uiwashe upya na kujaribu tena kabla ya kufuta chochote.