Mwenye mradi ndiye wa kuanza kudai

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema kampuni zetu za ujenzi ziko nyuma kidijitali kwa sababu programu za kuchora modeli ya jengo, yaani mchoro wa pande tatu kwenye kompyuta unaounganisha kazi za wataalamu wote, ni ghali. Bei inauma kweli, lakini naona kikwazo kikubwa ni mwenye mradi ambaye hadai modeli hizo zitumike. Uingereza serikali ilitangaza mwaka 2011 kwamba kufikia 2016 miradi ya serikali kuu itatumia modeli za kidijitali, na makampuni yakajipanga. Singapore walianza kuzidai kwenye vibali mwaka 2013, wakianzia majengo makubwa. Hapa Tanzania zabuni za umma zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, tangu 2023, kwa hiyo njia ya kudai modeli ipo. Ila mkataba ukishasainiwa tunarudi kwenye makaratasi!

Mimi nafanya kazi saiti. Msanifu ana mchoro wake, mhandisi ana wake, wa mabomba naye ana wake, na hakuna anayeilinganisha. Zege likishakauka ndipo fundi bomba anagundua bomba la maji taka la inchi 4 linatakiwa kupita katikati ya boriti. Anachukua nyundo na tindo, anachonga, nondo inakatwa, panapigwa lipu, basi. Modeli ya pamoja ingeonyesha mgongano huo ofisini kabla hata ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Halmashauri zianze na hospitali za wilaya na shule za ghorofa. Sharti la kutumia modeli ya pamoja liwemo kwenye mkataba, na msimamizi wa saiti apewe tableti yenye mchoro wa mwisho, siyo fotokopi ya mwezi uliopita.