Kama nilivyopokea

Nilijiapiza nisiandike nikiwa na hasira. Nimesubiri wiki tatu, hasira haijapoa, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili, mvua imenyesha usiku kucha, na Mbeya ilikuwa na ule ukungu wa magari kuwasha taa saa nne asubuhi. Niko dukani naprinti barua ya mtu ya maombi ya kazi, simu ikaanza kutetemeka juu ya mashine ya fotokopi. Grupu la mtaa. Picha nne. Semi limekosa breki mteremkoni, limelala ubavu, mifuko ya saruji imepasuka na mvua inaikoroga kama uji. Picha ya pili, namba za gari. Ya tatu, mtu amelazwa kando ya mtaro, amefunikwa kitenge cha manjano kuanzia kichwani, miguu imebaki nje, mmoja hauna kiatu. Ya nne, kijana ameegemea ukingo wa mtaro, macho yamefumba, damu usoni, na huyo hakuna aliyekumbuka kumsitiri. Chini yake: "Wote wamefariki. Kama nilivyopokea. Sambaza ndugu wajue."

Kijana wa picha ya nne ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Alikuwa utingo wa lile lori.

Mama mdogo anauza viazi Uyole. Kwenye grupu la mtaa wetu hayumo; yumo kwenye la vikoba, na picha zilimfikia huko, zimerushwa na mweka hazina. Maneno hakuyasoma. Aliona sweta. La kijani, mstari mweupe kifuani, mtumba alioulalia bei mwenyewe mnadani baridi ya mwaka jana ilipoanza. Wenzake wanasema alisimama, akaongeza viazi vitatu juu ya sado iliyokuwa imeshajaa, kisha akaanguka.

Mdogo wangu hakufa. Alivunjika mguu na mbavu mbili. Muuguzi alipiga simu saa nane mchana. Kabla ya hapo, kuanzia saa nne, mama mdogo alikuwa mfiwa. Majirani walishatoa makochi nje, turubai limeshafungwa kwenye mparachichi, na kulikuwa na grupu jipya lenye jina la "marehemu" na picha yake ya siku ya kipaimara, michango imefika elfu themanini na tano. Mtu mmoja aliahidi gunia la mchele wa Kyela. Ahadi kama hizo sijui zinarudishwaje. Nasikia mweka hazina bado anatafuta utaratibu.

Dereva ndiye aliyefariki. Ana watu wake Makambako. Wao walijuaje, sijathubutu kuuliza.

Sasa hayo maneno mawili, kama nilivyopokea. Pilato angekuwa na simu janja, angeyaandika kabla hata hajaomba maji ya kunawa. Maana yake ni kwamba jiwe nimerusha mimi, lakini msinilaumu, nililiokota njiani. Na watu wazima tunayakubali! Mtu anaweza kukurushia kwamba benki fulani inafungwa Ijumaa, kwamba majani fulani yanaponya kisukari, kwamba binti wa fulani kaonekana mahali fulani na mume wa fulani, kisha anamalizia kwa maneno hayo na kwenda kunywa chai kwa amani. Ukimuuliza anashangaa. "Mimi si nimetumiwa tu?" Umetumiwa, ndiyo. Aliyekutumia alikushika kidole akakibonyezea?

Halafu hiyo "ndugu wajue". Hiyo ndiyo inayonichoma kuliko zote, maana imevaa nguo ya huruma.

Kwetu habari ya msiba hairushwi, inapelekwa. Babu alipofariki kijijini Rungwe, nilikuwa bado mdogo, alitumwa mzee mmoja wa ukoo aje kumwambia baba. Alipanda Coaster kutoka Tukuyu hadi mjini na hakumwambia mtu yeyote, hata jirani yake wa kiti. Alifika kwetu mchana, akasema ugonile, akakaribishwa, akaomba maji. Akauliza habari za shule yetu. Akauliza kama mama yupo, akaambiwa yuko bombani, akasema basi tumsubiri. Baba alikuwa anakula. Mzee yule akasubiri mpaka akanawa mikono. Ndipo akasogeza kiti chake karibu kabisa na cha baba, goti kwa goti, akaanza kwa mbali: unajua mzee wetu amekuwa akisumbuliwa na kifua. Baba alishajua. Nadhani alijua tangu mgeni alipouliza mama yuko wapi. Lakini alipewa muda wa kujua taratibu, akiwa ameshiba, mkewe yupo, mkono wa mtu umeshika bega lake.

Yule mzee hakusoma kozi ya maadili ya mtandao. Alijua tu kwamba habari ina uzito, na anayeibeba ana wajibu wa namna ya kuitua. Leo mweka hazina wa vikoba anamtulia mama mzazi maiti ya mwanaye katikati ya viazi, tena maiti ambayo bado inapumua, halafu anaongeza vikatuni vitatu vya machozi. Na kabla hamjamrukia huyo mama, ngoja niseme ninachokwepa kusema tangu nianze.

Na mimi nilirusha.

Nilifungua picha ya kwanza tu, ile ya saruji. Nikasema moyoni, barabara imefungwa, nina wateja wanaosafiri kwenda Iringa, nikazichagua zote nne na kuzipeleka grupu la wenye stesheneri nikiwa na neno "kaeni macho". Nilikuwa nimeshatuma ndipo nikaangalia ya nne. Nikafuta kwa wote, haraka, mikono inatetemeka, lakini tayari kuna mwenzangu aliyeandika "Mungu wangu" na mwingine aliyekuwa ameshazipeleka mbele. Kwa hiyo lori lilikosa breki, na kidole changu kadhalika. Sitaki pongezi kwa kukiri. Nasema tu ili msidhani naandika kutoka juu ya Mlima Loleza.

Haya, nijibu wanaonisubiri na hoja zao.

Kwamba taarifa ya njia kufungwa inasaidia: kweli, inasaidia. Andika "kuna ajali Inyala, njia imefungwa, piteni taratibu". Maneno yametosha. Hakuna dereva wa basi anayehitaji kuona kiatu cha mtu ili apunguze mwendo. (Ingekuwa picha zinatuogopesha kiasi hicho, ile miteremko ya Shamwengo na Iwambi ingeshatufundisha kitambo.)

Kwamba uzushi ulikuwepo kabla ya simu: nakubali, kwa shingo upande. Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi kule Chamwino, Dodoma, msichanganye na Iringa yetu ya Wahehe, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian cha Arusha na dereva wao waliuawa kwa kuzushiwa ni wanyonya damu. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Kupiga yowe hakuhitaji bando, na sisi tuliokulia Mbeya ya hadithi za wachuna ngozi tunajua hofu inavyotembea kwa miguu. Lakini yowe huishia pale sauti inapoishia. Mwaka 2019, watoto walipouawa Njombe na kila mzazi wa nyanda hizi akawa hapati usingizi, mimi nilipokea picha ya gari lile lile jeusi mara nne, kila mara na namba tofauti na mji tofauti. Mwenye gari hilo, kama yupo, ashukuru Mungu hakupita kijiji kisicho sahihi siku hiyo.

WhatsApp wenyewe waliliona hili. Mwaka 2019 walipunguza, ujumbe mmoja usipelekwe zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja. Mwaka 2020 wakabana tena: uliokwisha kuzunguka sana, wenye mishale miwili, unapelekwa sehemu moja moja. Ile mishale miwili ni kama mtu anakwambia, hii imepita mikono mingi, nawa. Sisi tukafanyaje? Tunaihifadhi picha kwenye simu kwanza, kisha tunaituma upya kama tuliyoipiga wenyewe, mishale inapotea. Kwa ubunifu Watanzania hatujambo.

Wala kuchunguza si kazi ya wataalamu. Mwezi uliopita ilikuja video ya "ajali ya leo Kitonga", mabasi na malori yamepangana, watu wanalia kwenye sauti. Nilimwonyesha kijana anayenisaidia dukani. Aliitazama kidogo akasema, "Dada, mbona magari yote yanapita kulia?" Basi. Tanzania tunapita kushoto. Ile ilikuwa nchi nyingine kabisa. Na mara nyingine nyasi tu zinatosha: ukiletewa ajali ya "asubuhi hii" mwezi wa pili huku kwetu, halafu mlima wote umekauka na kuungua kama mwezi wa kumi, jua umeletewa kiporo.

Sheria ipo, tena kali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Ina mambo yake ninayogombana nayo, siku nyingine. Ila tuseme ukweli, ile picha ya nne haikuwa ya uongo. Mdogo wangu alikuwa pale, damu ilikuwa yake. Kuna maovu ya kweli tupu.

Kuhusu matapeli sina la kuwaambia ambalo hamjalisikia. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ujumbe wa "ile hela tuma namba hii" upeleke 15040, na waliopanda mbegu DECI, ule upatu wa kupanda hela na kungoja kuvuna, wawasimulie wanao ilivyoishia mwaka 2009. Nywila ndiyo usiniulize. Hapo dukani wateja wananiandikia zao kwenye karatasi niwafungulie maombi ya mikopo na ya ajira, wanaondoka, karatasi zinabaki mezani. Nusu yake ni jina la mtoto na 1234. Kila jioni nazichana vipande na kuwashia jiko. Ningekuwa na roho nyingine ningeshajenga Forest Mpya.

Jumamosi nilikwenda kumwona mgonjwa. Yuko kwa mama yake, mguu una plasta, amekaa kwenye kochi lile lile lililotolewa nje kwa ajili ya msiba wake. Mama mdogo alituletea chai na viazi vya kuchemsha, akarudi jikoni. Siku hizi anatumia kitochi. Simu janja kampa binti yake, anasema macho yake yamechoka.

"Dada," akaniambia akiangalia mlangoni, "nirushie zile picha."

Nikamwambia nilizifuta. Akacheka kidogo, akashika ubavu, akachukua simu yake. Akamwandikia mtu mmoja. Picha zilifika kabla chai yangu haijapoa, zote nne, zikiwa na maneno yake chini, kama nilivyopokea.

Yake aliipita bila hata kuitazama. Alisimama kwenye ya tatu, akaivuta kwa vidole viwili mpaka rangi ya manjano ikajaa kioo kizima, akaanza kuisogeza huku na huku, akitafuta pembeni.

"Kuna mama alikuwa na beseni la mahindi," akasema. "Alikifungua kitenge chake kiunoni, kumbe alikuwa na hicho kimoja tu, akabaki na gauni la ndani kwenye ile mvua, watu wanapiga picha. Nataka nimjue nimrudishie kitenge."

Tukaitazama wote wawili kwa muda mrefu. Kwenye picha hayumo. Pembeni kulia kuna mkono wa mtu umeshika simu.